Tulipokwenda Kuposa Nusu ya Ada

Leo nakiri jambo ambalo hata mume wangu halijui. Na kwa kuwa gazeti hili analisoma kila wiki akiwa amejifungia chooni, naomba majirani wakisikia kelele wasije mbio. Ni mambo ya ndani tu.

Kwa wale ambao hawakuwepo: mimi ni Mama Ireti wa Ibadan, na kazi yangu ni alaga. Familia ya mwanamume inapokwenda kuposa haiendi na mdomo wake yenyewe, inanikodi mimi. Mimi ndiye ninayeimba, ninayepiga magoti, ninayetaniana na alaga wa upande wa mwanamke mpaka ukumbi unalia kwa kicheko. Mume wangu Ayandele ananipigia ngoma, ile inayobanwa kwapani na kusema kama mtu. Korona ikaingia, serikali ikapiga marufuku sherehe, na nyumba yetu nzima ikakosa kazi siku moja.

Niliwasimulia jinsi nilivyouza vilemba vyangu kimoja kimoja. Niliwasimulia pia habari za Madam Dosekun, mwenye shule ya Taji Tukufu anakosoma binti yetu Ireti. Watoto wamefundishwa muhula mzima kwa simu, mwalimu anatuma sauti na wewe unanunua bando. Lakini Madam akasema ada ni ileile, naira laki moja na ishirini elfu. Humo ndani mna hela ya chakula cha mchana. Chakula gani? Mwanangu alikula kwangu, sahani yangu, mchuzi wangu!

Sasa serikali imefungua shule kwa darasa la mwisho tu, wafanye marudio. Mtihani umebaki wiki mbili. Na Madam kaweka mlinzi getini: bila risiti, huingii.

Tukaishia pale mwenyekiti wa wazazi aliponipigia simu akasema, "Mama Ireti, wewe si unawaombea watu wachumba? Basi na sisi tuombee nusu ya ada."

Nikakubali. Jamani, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Jumamosi asubuhi Ayandele alinipa naira elfu mbili, noti kumi za mia mbili mia mbili, amezikunja vizuri.

"Hii ya mchuzi," akasema. "Tukitoka huko pitia sokoni, chukua samaki na pilipili. Ndiyo ya mwisho ndani ya nyumba."

"Nimesikia."

"Umesikia kwa sikio la kawaida au lile la sherehe?"

"Baba Ireti, nimesikia!"

Ireti alikuwa mlangoni, amevaa sare ya shule, imepigwa pasi mpaka imekauka kama kadibodi. Siku tatu mfululizo alikuwa amekwenda mpaka getini na kurudishwa. Mtoto huyu ana miaka kumi na sita na anataka kusomea ufamasia. Anajua dawa za ugonjwa wa bibi yake kwa majina na vipimo. Usiku anasoma kwa madaftari ya kuazima, na hajawahi kuniuliza hata mara moja ada italipwa lini. Ni heri angeuliza.

"Mama," akaniambia, "usiwachekeshe sana. Ukiwachekesha sana huwa unasahau ulichokwenda kuomba."

"Nani kakwambia?"

"Nimekwenda na wewe harusini tangu nazaliwa."

Tukaongozana watatu. Tukafika getini.

Nilikuwa nimewaambia wazazi wavae nguo za kawaida, nguo za watu wenye shida. Serikali imesema tusizidi ishirini, kwa hiyo walichaguliwa kumi na wanane, na mimi na Ayandele tukatimiza hesabu. Sasa hao kumi na wanane nikawakuta wamejipanga kwenye jua wamevaa lesi ya bluu, wote! Wanawake wamefunga vilemba vya dhahabu. Hata barakoa zimeshonwa kwa lesi hiyohiyo.

"Mwenyekiti!" nikasema. "Hii nini?"

Mwenyekiti ni Baba Oyebanji, muuza matairi, mtu mnene mwenye sauti ya upole. "Sare," akasema, akajigusa kifua. "Ile ya bethidei yangu ya miaka sitini. Umeniambia tunakwenda kama watu wa posa. Posa gani isiyo na sare?"

"Tunakwenda kulia njaa, mwenyekiti!"

"Tutalia," akasema. "Lakini tutalia tukiwa nadhifu."

Kabla sijamjibu, geti likafunguka kiupande, na sauti ikatoka ndani, sauti ya ukumbini, ile isiyohitaji kipaza sauti.

"Nani ninyi? Mbona mlango wetu unagongwa na watu tusiowajua?"

Nilimtambua kabla sijamwona. Sikemi! Madam Dosekun alisikia wazazi wanakuja na alaga, naye akakodi wa kwake. Na kati ya maalaga wote wa Ibadan akamchukua Sikemi, niliyemfundisha kazi mimi mwenyewe miaka minne, akaondoka na wateja wangu wawili na wimbo wangu mmoja.

Akili yangu ilitaka kurudi nyumbani. Mdomo ukawa umeshajibu.

"Sisi ni wageni wema, mama. Tumetoka mbali, tumechoka, tuna kiu."

"Mbali wapi? Yule wa nyuma namjua, anakaa hapo nyuma ya kituo cha mafuta."

Wazazi wakacheka. Sikemi akatokea mzima, barakoa ya pinki, kilemba kimepanda mpaka kinagusa geti.

"Tuliwaambia saa ngapi?"

"Saa nne."

"Na sasa?"

"Saa nne na dakika sita."

"Faini! Naira elfu tano ya kuchelewa."

"Dada, tumekuja kupunguziwa, wewe unatuongezea?"

"Basi imbeni. Na mnawe mikono kwanza, hapa si sokoni."

Tukaimba huku tunanawa, mmoja mmoja, na mlinzi anatupima joto kwenye paji la uso. Zamu yangu ilipofika nikamsogelea Sikemi, nikanong'ona kwa ndani ya barakoa.

"Shoga, wamekununua kwa bei gani?"

"Ada ya mapacha wangu, muhula mzima," akanong'ona. "Na wewe?"

"Mimi bure."

"Ndiyo maana niliondoka kwako. Hujui biashara." Kisha akapaza sauti: "Wanaume chini! Posa gani hii, mnasimama kama nguzo za umeme? Laleni! Laleni kwa umbali, kila mtu na mita yake na nusu!"

Kwetu mwanamume anayekwenda kuomba mke hulala kifudifudi, mwili mzima ardhini. Basi baba wazima tisa wakajitandaza kwenye zege la uwanja wa shule na lesi zao. Mlinzi akapita katikati na fimbo akipima nafasi. Mwenyekiti akabaki wima.

"Mgongo wangu, mama," akasema.

"Mgongo ule uliocheza bethidei mpaka saa tisa usiku? Nimekuona kwenye video!"

Mwenyekiti akashuka taratibu, akilalamika. Nikatazama nyuma. Ireti yuko nje ya geti, ameshika vyuma kwa mikono miwili. Mlinzi hakumruhusu, maana risiti hana.

Madam Dosekun akatoka barazani. Ni mama wa miaka sitini na minane, mfupi, miwani inaning'inia kwa mnyororo. Aliketi kwenye kiti chake cha fito, akatutazama kwa zamu kama anaita majina asubuhi.

"Mama Ireti," akasema, "maliza maigizo. Sema shida."

"Shida yetu imeandikwa, Madam." Nikatoa barua. Nilikuwa nimeiandika kwenye karatasi ya rangi, nikaikunja na kuifunga utepe, kama barua yoyote ya posa.

Sikemi akaipokea. Nikadhani ataikalia. Lakini kazi ikishakuingia mwilini haikutoki, akainua barua juu, akatangaza, "Barua ya posa husomwa na binti! Yuko wapi binti? Pale getini namwona binti. Mlinzi, fungua!"

"Hana risiti," mlinzi akasema.

"Nimekwambia fungua, unaniharibia sherehe!"

Mlinzi akamtazama Madam. Madam akatikisa mkono mara moja. Basi mwanangu akaingia shuleni kwake kwa mara ya kwanza baada ya miezi minne. Akapita katikati ya wanaume waliolala, akasimama barazani, akafungua utepe.

"Kwa familia tukufu ya Taji Tukufu," akasoma. "Sisi wazazi tumepita mbele ya bustani yenu, tukaona ua zuri. Ua hilo linaitwa Nusu ya Ada. Tumelipenda. Hatulali. Tunaomba mturuhusu tulichume kwa heshima, tulipeleke nyumbani, tulitunze. Tunaahidi kuwa halitalala na njaa wala kukosa maji. Watoto wetu wamesoma kwa simu zenye vioo vilivyopasuka, na wamesoma. Msiwafungie mlango wiki mbili kabla ya mtihani."

Hapo barua ikaisha. Akamalizia na majina ya wazazi. Alisoma vizuri kuliko nilivyoandika, na mimi nililia, siwafichi, barakoa ikalowa.

Madam Dosekun aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia. Kumbe anacheka!

"Eti hatulali," akasema. "Ua linaitwa Nusu ya Ada! Nani kaandika upuuzi huu?"

Ayandele, mume wangu, akaona mwanya. Mtu aliyezaliwa katika ukoo wa wapiga ngoma hangoji kualikwa. Akabana ngoma, akaanza kumwita Madam kwa sifa za kwao. Akamtaja baba yake, akamtaja babu yake aliyefuga farasi, akawataja kwa ngoma wanawake wa ukoo wao wanaotembea na ardhi ikasikia. Uso wa Madam ukabadilika. Akavua miwani. Akainuka.

Akacheza.

Mbele ya macho yetu mwanamke yule wa bila-risiti-huingii akashuka ngazi za baraza mguu kwa mguu, mikono nyuma, kiuno kinazunguka taratibu kwa kiburi, na ngoma inamfuata. Vigelegele vikapasua hewa. Wanaume wakanyanyuka kutoka kwenye zege. Miezi minne hatujaona sherehe, jamani! Miezi minne hatujasikia ngoma!

Na hapa ndipo pa kukiri.

Mtaa mzima unajua kilichotokea, na mtaa mzima unamlaumu Ayandele. Wanasema ngoma yake ndiyo iliyowachanganya wazazi. Mwenyekiti anamlaumu, shemeji zangu wanamlaumu, na mimi siku zote hizi nimekaa kimya nikimwacha alaumiwe. Mume wangu, kama umefika hapa, usitupe gazeti: mkono wa kwanza ulikuwa wangu.

Kwetu mtu mzima hachezi mbele yako ukamtazama mikono mitupu. Unamtunza. Unachukua noti, unambandika kwenye paji la uso. Mimi nimelifanya hilo tangu nikiwa nabebwa mgongoni. Sikuwaza. Nilishtukia noti ya mia mbili imebandikwa kwenye paji la uso la Madam Dosekun, na vidole vyangu vinatafuta ya pili.

Ndiyo, Baba Ireti. Hela ya mchuzi. Zote kumi.

Baada yangu bwawa likapasuka. Mama mmoja akatoa mia tano mia tano kutoka kwenye kilemba. Mwingine akatoa kwenye soksi. Mwenyekiti, kwa kuwa ni mtu wa kufuata sheria za afya, akasimama mita moja na nusu akawa anazirusha. Noti zikaanguka kwenye lesi, kwenye ngazi, kwenye viatu vya Madam. Sikemi naye akasahau yuko upande gani, akatunza pia!

Kisha Madam akasimama ghafla. Akanyoosha mkono, na Ayandele akakata ngoma.

"Sikemi," akasema, "okota. Hesabu kwa sauti, wote wasikie."

Sikemi akaokota. Tulisimama tunamtazama, kila mtu anaanza kuamka. Baada ya muda akasema kwa sauti ndogo, "Elfu themanini na sita na mia tano."

"Elfu themanini na sita," akasema Madam, "kwa dakika nne. Watu wasio na hela. Watu waliovaa lesi!" Akavaa miwani yake. "Posa imekataliwa. Jumatatu nataka ada kamili. Asiye na risiti asilete mtoto."

Nilimtazama Ireti. Alikuwa anaikunja ile barua, anairudishia utepe wake polepole, bila kuniangalia. Sikuwahi kuona aibu kama ile. Masikio yaliniwaka. Mtoto alinionya asubuhi, na mimi nimemtunza mama mwenye shule kwa hela ya samaki!

Nikasema moyoni, Mama Ireti, kama kazi hii unaijua, ijue leo.

Nikapiga magoti. Nikachukua zile noti kutoka kwa Sikemi, nikazitia kwenye bahasha iliyokuwa na orodha ya majina yetu, nikaiweka kwenye trei ya mlinzi ya vitakasa mikono. Nikaiinua kwa mikono miwili.

"Madam umesema kweli, sisi ni wajinga," nikasema. "Lakini hela ile haikuwa ya kutunza. Ilikuwa mahari, imetoka kabla ya wakati wake. Tumekuja kuoa. Hii hapa mahari yetu, mkononi mwako."

Nikamkonyeza Ayandele. Ngoma ikaanza ule wimbo wa mahari, taratibu, ule ambao kila mama wa Ibadan ameusikia mara mia.

Sikemi akanitazama. Nikaona macho yake yameelewa. Mwanafunzi wangu! Akaichukua trei, akageuka, akampigia magoti Madam na kuimba kipande chake, kile kinachouliza, "Mama wa binti, je, mnauza?"

Kwetu jibu ni moja. Hakuna familia yenye heshima inayobaki na mahari. Unaipokea, unaifungua watu waone, kisha unairudisha, unasema hatuuzi mtoto, tunampa. Nimeongoza posa zaidi ya mia mbili na sijawahi kuona bahasha ikibaki. Jibu lile linatoka lenyewe mdomoni. Madam mwenyewe ameozesha mabinti watatu. Mmoja nilimwozesha mimi.

Madam akaichukua bahasha. Akaifungua. Akatazama ndani. Ngoma ikapanda, wanawake wakaitikia, na nikaona midomo yake inatikisika.

"Hatuuzi mtoto wetu," akasema. "Tunampa."

Akairudisha bahasha mikononi mwangu.

Wee! Kelele zilizopigwa pale sijawahi kuzisikia hata kwenye harusi ya tajiri. Mwenyekiti aliruka juu, mgongo na yote. Simu tano zilikuwa zimerekodi. Mashahidi ishirini na mlinzi wao! Posa imekubaliwa, nusu ya ada imeolewa! Nilimkumbatia Sikemi, korona isamehe, tukazunguka kama wasichana. Ireti alikuwa anacheka na kulia pamoja.

"Madam," nikasema, nikihema, "umetamka. Nusu ya ada."

"Nimetamka," akasema Madam. Alikuwa ameketi, anapangusa paji la uso kwa leso. Na alikuwa anatabasamu, tabasamu pana la mtu aliyetua mzigo. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa.

"Mama Ireti, wewe unanidhania mimi mtoto? Nimeozesha mabinti watatu. Unadhani sijui wimbo wa mahari ukianza unaniongoza wapi?"

"Madam..."

"Nijibu wewe mwenye kazi. Mahari ikisharudishwa, binti anabaki kwa nani?"

Nikajibu, "Anakwenda kwa upande wa mume."

"Anakwenda na nini?"

"Na... na vitu vyake vyote."

"Haya!" Akasimama, akaingia ofisini. Akarudi na shada la funguo, kubwa, limefungwa kamba nyekundu, akaliweka juu ya ile bahasha mikononi mwangu. "Binti yenu huyo hapo, na vitu vyake vyote ndiyo hii shule. Madarasa kumi na mawili, maabara moja, tangi la maji linalovuja. Walimu ishirini na sita hawajalipwa tangu Aprili. Mpaka Aprili niliwalipa kwa dhahabu za mama yangu. Mwenye jengo anataka kodi. Ada kamili ilikuwa haitoshi, ninyi mmekuja na lesi kuniomba nusu! Basi nimewapa. Iendesheni kwa nusu, nione."

"Madam, sisi tulikuwa tunatania tu..."

"Umeniambia mmekuja kuoa. Simu tano zimerekodi, si ndiyo? Oeni."

Mlango wa ofisi ya walimu ukafunguka. Kumbe walimu walikuwa ndani muda wote, wanachungulia. Wakatoka wamejipanga, barakoa zao na tai zao, na wa mbele akiwa Mwalimu Fatunmbi wa kemia, mzee wa mvi. Akanisalimia kwa kuinama mpaka chini, mimi mwenye kilemba cha kuazima.

"Mama mwenye shule," akasema. "Tuanzie na mishahara ya Aprili, au tuanzie na kaulimbiu ya shule?"

Nikageuka niwaulize wenzangu kumi na wanane. Nikaona migongo ya bluu. Walikuwa wanapenya getini mmoja mmoja, kimya kimya, vilemba vya dhahabu vinameremeta, na mbele yao wote, kwa mbio nisizozitarajia, mwenyekiti.

"Mwenyekiti!" nikaita.

"Naja!" akajibu, na hakugeuka.

Sikemi alikaa ngazini akicheka mpaka kilemba kikaanguka. Madam akavua viatu, akanyoosha miguu, akamwambia mlinzi amletee ndizi za kukaanga. Ninaapa mama yule alikuwa amepungua miaka kumi.

Mwalimu Fatunmbi akaniwekea karatasi mbele.

"Hii haiwezi kungoja, mama. Ni orodha ya watahiniwa. Bodi ya mitihani inataka saini ya mwenye shule, ya kuwadhamini watoto wote na shule yao mpaka mtihani uishe. Ikifika Jumatatu saa sita bila saini, wanaondolewa wote arobaini na mmoja."

"Madam atasaini," nikasema.

"Mimi?" akasema Madam, ndizi mdomoni. "Nimeshaozesha. Saini ya nini tena?"

Sikemi akanipa kalamu. Ayandele akanisogelea, akaninong'oneza sikioni.

"Mama Ireti, usisaini. Ukisaini, mishahara ya walimu ishirini na sita ni yetu. Sisi hata samaki hatujanunua."

Nilishika kalamu mkono huu, funguo mkono huu. Ireti akaja akasimama mbele yangu. Alikuwa ametazama ile orodha, ameweka kidole chake pale, hakiondoi.

"Mama," akasema. "Mimi ni namba saba."